Buyenzi, mtaa waliopewa wageni

Kusini mwa Bujumbura, mwendo wa kilomita 10 hivi kwa barabara inayoandamana na ziwa, lipo jiwe kubwa pale Mugere. Limechongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Kila mgeni anayefika mjini hupelekwa kulitazama. Mimi nilipopelekwa, nikiwa mtu wa Ujiji niliyehamia huku kikazi, nililizunguka nikitafuta majina ya wengine. Wazungu wale wawili hawakujipigia makasia. Walitoka Ujiji kwa mtumbwi, wakapandisha ziwa hadi ncha yake ya kaskazini kuangalia kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Waliowavusha, waliowapikia, waliowafasiria maneno mbele ya Mukamba, mtware (chifu) wa Uzige, walikuwa watu wa Ujiji na watu walioajiriwa Unguja na Bagamoyo. Hakuna hata mmoja wao aliyeandikwa.

Watu wa namna ile ndio hasa walioanzisha habari ninayotaka kuieleza. Bujumbura ina wageni wengi na wa aina nyingi, lakini wageni wake wa kale, waliokuwapo kabla mji haujawa mji, ni Waswahili, na mtaa wao ni Buyenzi.

Ndipo ninapoishi. Jirani yangu wa ukuta mmoja ni mzee ambaye mtaa mzima humwita Baba Mkubwa. Babu yake mzaa baba alitoka Kasongo, ng'ambo ya ziwa. Bibi yake ni wa rasi ya Ubwari. Mama yake alizaliwa Ujiji, si mbali na kwetu, na yeye mwenyewe kazaliwa hapa hapa, nyumba chache kutoka anapokaa leo. Ukimuuliza kabila lake atakwambia ni Mswahili, kisha atanyamaza, maana kwake jibu limekwisha. Nusu ya majirani zangu wana nasaba kama hiyo: Wamanyema, Wabwari, Wabembe, Wagoma, watu wa Kigoma, na wachache wenye damu ya Oman iliyopitia Tabora.

Njia iliyowaleta ni ile ya misafara. Katikati ya karne ya 19 Ujiji ilikuwa kituo kikubwa cha pembe za ndovu, chumvi na watumwa, na kutoka hapo mitumbwi ilikwenda hadi Uvira. Burundi yenyewe ilifunga mlango. Muhammad bin Khalfan, tunayemjua zaidi kwa jina la Rumaliza, mshirika wa Tippu Tip, alijaribu kuingia kwa nguvu kutokea ziwani, na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yakamrudisha alikotoka. Warundi wanalikumbuka jambo hilo kwa fahari, na wana haki. Nchi nyingi za jirani hazikuweza.

Kwa hiyo Mswahili hakuingia Burundi kwa upanga wake. Aliingia na Mjerumani. Mwishoni mwa karne hiyo Wajerumani walijenga kituo cha kijeshi Usumbura, kama mji ulivyoitwa wakati huo, na walikuja na askari, wapagazi, makarani na wapishi waliozungumza Kiswahili, lugha ya utawala katika koloni lao lote. Hili halifurahishi kulisema Buyenzi, lakini ni lazima lisemwe. Mwezi Gisabo alipolazimishwa kutia saini mkataba wa Kiganda mwaka 1903, bunduki zilizomzunguka zilikuwa mikononi mwa askari weusi. Mrundi wa milimani aliyemtazama Mswahili kwa jicho la shaka hakuwa anaota. Alimwona amesimama upande gani.

Juni 1916 Wabelgiji waliitwaa Usumbura. Mabwana wapya hawakuwa na haja na watu hawa. Walikuwa Waislamu katika koloni lililokabidhi shule kwa mapadri, hawakuwa chini ya chifu yeyote, na walikuwa na ndugu Kigoma kwa Mwingereza. Wakatengewa mahali pao, kaskazini mwa katikati ya mji, karibu na mto Ntahangwa, barabara zikapigwa mistari iliyonyooka, zikapewa namba. Mpaka leo mtu akikuelekeza nyumba Buyenzi anakutajia namba ya barabara. Kisheria eneo lile lilihesabiwa kuwa nje ya mamlaka ya machifu wa kimila, na hivyo wakazi wake wakawa nje ya nchi huku wamo ndani yake. Hawakuwa na mlima wa kurithi, hawakuwa na ng'ombe wa kukopeshana, hawakuwa na mtware wa kuwasemea.

Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa hawakupewa jembe, kwa kuwa hawakupewa ardhi. Ndipo wakashika yale ambayo hayahitaji shamba: cherehani, useremala, uashi, udereva, uvuvi, uchuuzi wa samaki, kazi ya bandarini. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imeshafika Kigoma tangu 1914, na mwaka 1921 Waingereza na Wabelgiji walikubaliana Ubelgiji iwe na maeneo yake ya bandari Dar es Salaam na Kigoma. Mizigo ya Usumbura ikawa inapita kwa treni mpaka Kigoma, kisha kwa meli. Kila gunia lililoshuka lilihesabiwa, likabebwa na kubishaniwa kwa Kiswahili. Na njia hiyo ilipitisha watu pia kwa upande wa pili: Warundi maelfu kwa maelfu waliokimbia kodi, kazi za shuruti na kiboko, wakaenda Manamba kwenye mkonge wa Tanganyika, au Uganda kwenye mashamba ya pamba. Waliorudi walirudi na Kiswahili chao.

Maisha ya mtaa ule yalijengwa kwa mambo madogo ambayo hayamo kwenye majalada ya serikali. Madrasa uani. Maulidi. Harusi zinazofunga barabara. Wali na samaki mukeke wa kuchoma, ndagala za kukaanga, vitumbua alfajiri. Kiswahili chake nacho kina mapito mengi ndani yake. Mama anayeniuzia chapati huniamkia kwa Kirundi, hunitajia bei kwa Kifaransa, akinidai chenji anarudi kwenye Kiswahili cha Kongo, na akitaka kunionya juu ya jambo zito huongea kama mtu wa Ujiji kabisa. Nilipofika nilidhani anahangaika na lugha. Sasa naona kila lugha anaitumia pale inapofaa.

Ufundi ndio umekuwa sura ya Buyenzi. Gari likiharibika popote Bujumbura, dereva husema twende Buyenzi. Nimesimama mara nyingi kwenye kibaraza cha fundi mmoja, kijana wa miaka ishirini na kitu, mikono imeloa oili mpaka kwenye viwiko. Anafungua kabureta juu ya gunia lililotandikwa chini, anapanga kila skrubu kwa mpangilio wa ilivyotoka, kutoka kushoto kwenda kulia, na hakuna anayeruhusiwa kuruka gunia lile. Baba yake alifanya hivyo hivyo, na babu yake alikuwa utingo wa lori la Mgiriki.

Wagiriki hao, pamoja na Wahindi na Waarabu, walikuwa na maduka makubwa na biashara ya kahawa. Mji uliwapangia nao pao, na Mtaa wa Waasia bado unaitwa hivyo. Lakini wao walikuwa na akiba nje na pasipoti. Wengi waliondoka nchi ilipochafuka. Mswahili alibaki.

Tena hakubaki kimya, na hapa ndipo ninapoona historia ya Burundi imemnyima haki yake. Mwanamfalme Louis Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa, alirudi kutoka masomoni Antwerp mwaka 1956. Mwaka uliofuata alianzisha ushirika wa wafanyabiashara wa Burundi, ili Mwafrika anunue na kuuza bila kupitia kwa mfanyabiashara mkubwa wa kigeni. Angewapata wapi wafanyabiashara Waafrika Usumbura ya 1957? Aliwapata Buyenzi. Ushirika ulipata misukosuko ya fedha, lakini watu aliowakusanya hawakutawanyika, wakawa mguu wa chama cha UPRONA mjini. Walikuwa na kitu ambacho wasomi wa seminari hawakuwa nacho: jamaa Kigoma na Dar es Salaam, waliokwishaiona TANU ya Mwalimu Nyerere inavyofanya kazi mtaa kwa mtaa. Mtoto wa ikulu alikaa kwenye mikeka ya watu ambao utawala uliwaita wageni, akaongea nao kwa Kiswahili. Mimi sijui tendo la kisiasa la miaka ile lililokuwa na heshima zaidi ya hilo.

Tarehe 18 Septemba 1961 UPRONA ilishinda viti 58 kati ya 64. Tarehe 13 Oktoba Rwagasore, waziri mkuu mwenye umri wa miaka 29, alipigwa risasi akiwa kwenye mgahawa kando ya ziwa. Aliyefyatua ni Mgiriki mkazi wa Usumbura, Jean Kageorgis, na waliopanga walikuwa wapinzani wa kisiasa wa chama cha PDC. Uhuru ulikuja 1 Julai 1962 bila yeye. Kaburi lake liko juu ya kilima cha Vugizo, mji mzima unaonekana kutoka pale, na Buyenzi ikiwemo.

Yaliyofuata yanajulikana, nami sitayaeleza kwa urefu. Mauaji ya 1972 yaliwapeleka maelfu Tanzania, kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, ambako miaka arobaini baadaye watu wapatao 162,000 walipewa uraia. Vita vilivyoanza 1993 viliigawa Bujumbura mtaa kwa mtaa, huu wa Wahutu, ule wa Watutsi, mpaka mtu akawa hawezi kuvuka barabara. Buyenzi na jirani yake Bwiza zilikuwa za mchanganyiko, na kwa sababu hiyo zilichelewa kuangushwa, lakini Machi 1995 zilishambuliwa, na watu wengi wakakimbilia Uvira. Baba Mkubwa alikuwa mmoja wao. Alirudi, akajenga upya ukuta tunaogawana.

Jumapili ya 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea. Wafanyabiashara waliopoteza kila kitu walihamia wanakoweza, na Ruvumera, soko la Buyenzi, likafurika. Sasa ukitaka kitenge, betri, mchele au sufuria, unakwenda kwa Waswahili.

Upande wa lugha mambo yamekwenda kwa hatua fupi fupi. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kikaingia darasani. Redio ya taifa ina taarifa ya habari kwa Kiswahili. Hata hivyo sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilipoongeza Kiingereza kuwa lugha rasmi pamoja na Kirundi na Kifaransa, Kiswahili kiliachwa. Lugha inayozungumzwa na maelfu ya watu wa Bujumbura, inayovusha mizigo mingi ya mji huo kutoka bandari ya Dar es Salaam, ikapitwa na lugha ambayo muuza chapati wangu haijui. Naona ni kosa, na naona linatokana na ile hesabu ya zamani kwamba wenye lugha hiyo ni watu wa kuja.

Watu wa kuja bado wanakuja. Februari 2025, Bukavu ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23, makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka Rusizi, wengine kwa kuogelea. Walirundikana uwanja wa mpira wa Rugombo, kisha wakaanza kupelekwa kambi ya Musenyi, huko Rutana. Wale wenye shangazi au shemeji Bujumbura hawakutaka kambi. Walitaka namba ya barabara.

Na watu wanaondoka pia. Khadja Nin, mzaliwa wa Bujumbura, alijulikana Ulaya miaka ya 1990 kwa nyimbo alizoimba kwa Kiswahili. Mchezaji mpira Amissi Tambwe alitoka Vital'O akaenda Simba, kisha Yanga. Saidi Ntibazonkiza alicheza Uholanzi, Poland na Ufaransa kabla ya kumalizikia Dar es Salaam, ambako msimu wa 2022/23 aligawana ufungaji bora na Fiston Mayele kwa mabao 17. Mashabiki wa Kariakoo waliwazoea upesi mno, kana kwamba wametoka Tabora.

Wengi hawana majina hayo. Mwaka 2021 Burundi ilitia saini makubaliano na Saudi Arabia ya kupeleka wafanyakazi wa majumbani, kazi ambayo Wafilipino wameifanya huko kwa miongo mingi, tangu serikali yao ilipoanza miaka ya 1970 kupanga rasmi ajira za nje. Mjukuu wa Baba Mkubwa ni mmoja wa walioondoka. Yuko Riyadh, na jioni ya Ijumaa anampigia babu yake simu, sauti inasikika mpaka kwangu. Jikoni wako watatu. Mfilipino ndiye mkubwa wao, amemfundisha kupika wali kwa namna ya kwao na kuficha fedha za kutuma nyumbani zisije zikatumika. Wa tatu ni Mkenya, ambaye siku ya kwanza alimsikia akiongea akamuuliza kama ni wa Mombasa. Alijibu kwamba ni wa Buyenzi. Mkenya hakuwahi kulisikia jina hilo, ikabidi amweleze tangu mwanzo.