Mnara wa Ras Mkumbi na Kuta za Chole

Katika mwaka wa 1890 Wadachi walimlipa Sultani wa Unguja mark 4,000,000 kwa ajili ya pwani pamoja na Mafia. Boma lao waliliweka Chole, kisiwa kidogo kilichomo ndani ya ghuba. Na mwaka wa 1892 wakajenga mnara wa taa huko Ras Mkumbi, ncha ya kaskazini ya Mafia, ili mabaharia waijue nchi usiku wasipande miambani.

Lakini Ghuba ya Chole haikuzifaa merikebu kubwa, maana maji yake ni haba. Basi mwaka wa 1913 makao ya serikali yakahamishwa Kilindoni, na Januari 1915 Waingereza wakakitwaa kisiwa.

Tangu hapo majengo ya Chole yaliachwa. Mizizi ya miti imepenya kutani. Imezipasua kuta, tena imezishika zisianguke, hata akataye mti bila shauri huenda akaangusha ukuta. Taa isiyo na mlinzi huzimika. Na kuta ni vivyo hivyo. Jiwe lililochukuliwa kujengea jiko halirudi. Kwa hiyo yawapasa walimu kuwaonyesha watoto mahali hapo na kuwasimulia habari zake, kwani asiyeambiwa huona mawe tu.