Texas Western 1966: Kikosi kilichovunja mwiko wa mpira wa vikapu Marekani

MSIMU wa 1965-66 wa timu ya mpira wa vikapu ya chuo cha Texas Western, mjini El Paso, ungali unatajwa kila inapozungumziwa historia ya michezo ya vyuo nchini Marekani. Jumamosi ya Machi 19, 1966, kikosi hicho kiliilaza Kentucky 72-65 na kutwaa ubingwa wa taifa wa chama cha michezo ya vyuo, NCAA. Kilianza fainali hiyo na wachezaji watano, wote weusi. Kabla ya usiku huo hakuna timu iliyokuwa imefanya hivyo katika fainali ya mashindano hayo.

Wapenzi wa riadha wa Afrika Mashariki wanakijua chuo hicho kwa jina kilichopewa mwaka 1967, yaani Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, au UTEP kwa ufupi. Miongoni mwa waliowahi kukiwakilisha katika mbio ni Wakenya Wilson Waigwa na Michael Musyoki, aliyetwaa nishani ya shaba ya mita 10,000 katika Olimpiki za 1984, pamoja na Mtanzania Suleiman Nyambui, mshindi wa fedha ya mita 5,000 mjini Moscow mwaka 1980. Hata hivyo, jina la chuo hicho lilianza kuvuma kupitia vikapu.

MWIKO USIOANDIKWA

Wachezaji weusi hawakuwa wageni katika fainali za NCAA. Chuo Kikuu cha San Francisco kilitwaa ubingwa mwaka 1955 na 1956 kikiongozwa na Bill Russell, nacho Loyola cha Chicago kikashinda mwaka 1963 kwa kikosi kilichoanza na weusi wanne. Lakini hata vyuo vilivyowapokea vilichunga idadi yao. Palikuwa na mzaha uliojulikana sana miongoni mwa wakufunzi, kwamba weusi wawili wanatosha ukicheza nyumbani, watatu ukiwa ugenini, na wanne ukiwa unashindwa.

Kusini mwa nchi hali ilikuwa ngumu zaidi. Katika ligi ya SEC, ambamo Kentucky ilishiriki, hapakuwa na hata mchezaji mmoja mweusi wa vikapu msimu huo. Kisingizio kilichorudiwa mara kwa mara kilikuwa kwamba weusi wana vipaji ila hawana nidhamu, na kwamba wakiachwa peke yao uwanjani watababaika mchezo ukipamba moto.

El Paso, mji ulio mpakani na Mexico, ulikuwa na sura tofauti kidogo. Chuo kilianza kuwapokea wachezaji weusi wa vikapu tangu mwaka 1956, na mwaka 1962 baraza la mji lilipitisha sheria ya kupiga marufuku ubaguzi katika hoteli, mikahawa na majumba ya sinema.

MKUFUNZI NA VIJANA WAKE

Mkufunzi Don Haskins aliajiriwa mwaka 1961 baada ya kufundisha katika shule ndogo za sekondari, zikiwemo timu za wasichana. Alikuwa mwanafunzi wa Henry Iba, bingwa wa mchezo wa ulinzi, na kutoka kwake alirithi imani moja: anayeshindwa kumkaba mpinzani hana nafasi katika timu. Mazoezi yake yalikuwa makali kiasi cha kuwachosha vijana kuliko mechi zenyewe.

Kikosi cha 1965-66 kilikuwa na wachezaji 12. Saba walikuwa weusi, wanne Wazungu, na mmoja, David Palacio, wa asili ya Mexico. Orsten Artis na Harry Flournoy walitoka Gary, Indiana. Nevil Shed, Willie Cager na Willie Worsley walitoka New York. David Lattin, mwenye kimo cha futi sita na inchi sita na mabavu ya kutisha, alitoka Houston. Aliyeiongoza timu uwanjani alikuwa Bobby Joe Hill wa Detroit, kijana mwepesi aliyeudunda mpira kana kwamba umefungwa mkononi mwake.

SAFARI YA MSIMU

Wengi hawakuitarajia makubwa timu hiyo mwanzoni mwa msimu. Mambo yalianza kubadilika Desemba 1965, ilipoicharaza Iowa, mojawapo ya timu zilizokuwa zikisifiwa sana, 86-68. Kuanzia hapo ushindi ulifuatana, na kufikia mwanzoni mwa Machi vijana wa Haskins walikuwa wameshinda mechi 23 bila kushindwa.

Machi 5 walizuru Seattle na kubwagwa 74-72. Siku hiyo hiyo Kentucky, nayo haijawahi kushindwa hadi wakati huo, ilipoteza kwa Tennessee. Kwa hivyo hakuna timu kati ya hizo mbili iliyoingia mashindano ya taifa ikiwa na rekodi safi.

Katika raundi ya kwanza Texas Western iliizima Oklahoma City 89-74. Halafu kikafuata kivumbi cha mjini Lubbock. Cincinnati ililazwa 78-76 baada ya muda wa ziada, kisha Kansas ikaondolewa 81-80 baada ya vipindi viwili vya ziada. Katika mechi hiyo ya pili, Jo Jo White wa Kansas alitupa mpira kutoka mbali katika sekunde za mwisho za kipindi cha kwanza cha ziada, na mpira ukaingia. Wenzake walianza kusherehekea, lakini mwamuzi alikuwa amekwisha kuona kwamba mguu wa White ulikanyaga mstari wa pembeni. Laiti unyayo ule ungalikuwa ndani kwa upana wa kidole, huenda historia hii isingalikuwepo.

Katika nusu fainali Utah ilishindwa 85-78, ingawa Jerry Chambers aliifungia alama 38. Aliyetumwa kumpunguza kasi Chambers alikuwa Jerry Armstrong, mchezaji Mzungu aliyetoka benchi. Kazi yake ilichangia pakubwa kuifikisha timu katika fainali, ingawa katika fainali yenyewe hakucheza.

USIKU WA FAINALI

Fainali ilichezwa katika ukumbi wa Cole Field House, Maryland. Kentucky ndiyo iliyoorodheshwa ya kwanza nchini, na Texas Western ya tatu. Mkufunzi wa Kentucky, Adolph Rupp, alikuwa amekwisha kutwaa ubingwa huo mara nne. Vijana wake, wote Wazungu, hawakuwa warefu lakini walisifika kwa kasi na shabaha.

Haskins alijibu kasi kwa kasi. Alimweka Shed kando na kumwanzisha Worsley, mwenye kimo cha futi tano na inchi sita tu, ili awe na wachezaji watatu wepesi wa kudhibiti mpira.

Mapema katika mchezo Lattin aliruka juu ya Pat Riley, ambaye baadaye alipata umaarufu kama mkufunzi wa timu za kulipwa, na kuubamiza mpira kikapuni. Dakika chache baadaye Hill alimpokonya mpira mlinzi wa Kentucky karibu na katikati ya uwanja, akaenda kufunga. Kentucky walipoanza tena, Hill alimpokonya mwingine, akafunga tena. Mechi haikumalizwa na vikapu hivyo viwili, lakini tangu hapo Kentucky walidunda mpira kwa woga.

Texas Western waliongoza 34-31 wakati wa mapumziko. Kentucky walikaribia kuwafikia katika kipindi cha pili, lakini hawakuwapita. Hill alimaliza na alama 20, Lattin 16 na Artis 15. Riley na Louie Dampier waliifungia Kentucky 19 kila mmoja. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye mitupo huru: Texas Western walifunga 28 kati ya 34, Kentucky 11 kati ya 13. Weusi saba ndio pekee waliochezeshwa na Haskins usiku huo, na waliodaiwa kukosa nidhamu ndio waliosimama kwenye mstari wa mitupo bila kutetemeka.

Mechi ilipokwisha hapakuwa na ngazi ya kupandia kukata wavu, kama ilivyo desturi ya mabingwa. Shed alimnyanyua Worsley mabegani, naye akaukata.

BAADA YA USHINDI

Taji halikuleta furaha tupu. Barua za matusi na chuki zilimiminika chuoni, na Haskins alikiri baadaye kwamba kuna wakati alitamani wangemaliza wa pili. Kila mara alisisitiza kwamba hakukusudia kutoa funzo lolote. Aliwachezesha waliokuwa bora, basi.

Wala ushindi haukufuta malalamiko ya weusi katika chuo hicho hicho. Mwaka 1968 mwanariadha Bob Beamon alisimamishwa kwenye timu ya chuo pamoja na wenzake kwa kugoma kushindana na chuo cha Brigham Young, wakipinga ubaguzi. Miezi michache baadaye aliweka rekodi ya dunia ya kuruka mbali katika Olimpiki za Mexico.

Hata hivyo, milango ya Kusini ilianza kufunguka. Perry Wallace wa Vanderbilt aliingia uwanjani msimu wa 1967-68 akiwa mchezaji wa kwanza mweusi wa vikapu katika ligi ya SEC. Kentucky yenyewe ilimsajili Tom Payne mwaka 1969.

Filamu ya Glory Road, iliyotolewa mwaka 2006, iliwajulisha vijana wa leo habari hizi, ingawa inaonyesha kana kwamba Haskins alitwaa taji katika msimu wake wa kwanza, ilhali ulikuwa wa tano. Hill alifariki mwaka 2002. Kikosi kizima kiliingizwa katika Jumba la Heshima la Naismith mwaka 2007, na Haskins, aliyeingizwa humo miaka 10 mapema, akafariki mwaka 2008.

Rekodi ya msimu ilibaki ushindi 28 na kushindwa mara moja. Hakuna chuo kingine cha Texas kilichotwaa taji hilo la wanaume hadi Baylor mwaka 2021, miaka 55 baadaye.