ALS: kidonge peke yake hakitoshi, inatakiwa timu

Wengi mnamjua Stephen Hawking, yule mwanasayansi Mwingereza wa kwenye kiti cha magurudumu. Ugonjwa wake ndio huo, ALS. Aliambiwa anao mwaka 1963 akiwa na miaka 21, akafariki 2018. Lakini msidanganyike na Hawking, yeye alikuwa wa pekee. Wagonjwa wengi hawafikishi miaka mitano tangu dalili zianze.

Ni hivi: seli za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo, zile zinazoiamrisha misuli, zinakufa kidogo kidogo. Mkono unalegea, ulimi unakuwa mzito, kumeza kunakuwa kazi, mwisho pumzi. Dawa ya kuponya haipo. Kidonge cha riluzole, kilichopitishwa Marekani 1995, kwenye majaribio kiliongeza maisha kwa miezi 2 hadi 3 hivi.

Sasa sikieni hii. Watafiti wa Ireland waliwafuatilia wagonjwa 344 waliogundulika kati ya 1996 na 2000. Kati yao 82 walitibiwa kwenye kliniki maalumu ya timu Dublin, waliobaki kwenye kliniki za kawaida za neva. Wa timu waliishi zaidi kwa miezi 7.5! Kweli walikuwa na umri mdogo kidogo na wengi zaidi walipata riluzole, ila hata hayo yalipopigiwa hesabu, faida ya timu ilibaki.

Kwa nini? Chukua mgonjwa anayekonda. Daktari mmoja atasema ale zaidi, basi. Kwenye timu, mtaalamu wa kumeza anaona chakula kinampalia, fiziotherapia anaona mkono haufikishi kijiko mdomoni, mtaalamu wa lishe anataka mpira wa kulishia uwekwe tumboni. Hapo mtu wa mapafu anaingilia: uwekeni mapema, maana pumzi ikishashuka sana, hata kuuweka ni hatari. Hawa wakikaa mbali mbali, kila mmoja na barua yake, muda unapita. Mimi naona siri yote iko hapo.

Mtu wa mapafu ndiye pia anayeuliza maswali yanayoonekana ya kijinga: unaamka na kichwa kinauma? Unasinzia mchana? Hizo zinaweza kuwa dalili kwamba usiku hewa haitoshi, na mashine ya kupumulia yenye barakoa inasaidia. Halafu kuna muuguzi, ustawi wa jamii, na watu wa tiba shufaa, ambao si wa siku ya mwisho tu kama tunavyodhani. Mwongozo wa Uingereza wa 2016 unataka timu imwone mgonjwa kila miezi 2 au 3.

Mnaosoma uuguzi au fiziotherapia, mwageni hapo chini: hospitali mliko, hawa watu huwa wanakaa meza moja?