Rangi nyekundu na bluu kwenye altrasaundi ya ovari: zinasema nini kuhusu PCOS?

Mama, huenda umerudi na karatasi ya altrasaundi yenye picha iliyojaa madoa mekundu na ya bluu, na pembeni herufi RI na PI. Hapa kwetu, kuanzia Kahama hadi Katoro, swali ninaloulizwa zaidi ni hili: "Nesi, hiyo bluu ndiyo damu mbaya?"

Hapana. Nyekundu ni damu inayokuja upande wa kifaa alichoshika mpimaji, bluu ni damu inayokwenda mbali nacho. Akikigeuza kifaa, rangi zinaweza kubadilishana.

Kipimo hicho huitwa Dopla. Ni altrasaundi ileile ya mawimbi ya sauti, haina mionzi, ila hupima pia mwendo wa damu. RI na PI ni namba za ukinzani: zikiwa ndogo, damu inapita kwa urahisi zaidi.

Sasa PCOS yenyewe. Takribani mwanamke mmoja kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa anayo. Homoni hupoteza uwiano, yai halikomai kila mwezi, hedhi inaruka. Watu huiita "uvimbe maji", na jina hilo huwatisha wengi bure. Vile vidoti vyeusi kwenye picha ni vijifuko vya mayai yaliyosimama kukua. Si uvimbe wa kukatwa.

Kwa wengi wenye PCOS, Dopla huonyesha damu nyingi zaidi katikati ya ovari na RI ndogo, kwa kuwa nyama ya katikati imeongezeka na ina mishipa mingi. Lakini namba za mwenye PCOS na za asiye nayo hupishana kidogo tu, na hubadilika kwa siku ya mzunguko na kwa mkono wa mpimaji. Kwa hiyo mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 haukuuweka mtiririko wa damu kwenye vigezo vya kuitambua PCOS.

Kwa mwanamke mzima huangaliwa mambo matatu, na mawili yakitimia yanatosha: hedhi isiyo na mpangilio, homoni za kiume kuzidi (ndevu kidevuni, chunusi zisizoisha, au kipimo cha damu), na ovari yenye vijifuko 20 au zaidi, au yenye ujazo wa mililita 10 au zaidi. Kabla ya hapo mhudumu huondoa sababu nyingine, kama ujauzito na tatizo la tezi ya shingo. Mawili ya kwanza yakiwepo, hata altrasaundi ya kawaida si lazima. Basi usiuze mbuzi kufuata Dopla Mwanza kwa ajili ya PCOS peke yake. Nauli hiyo bora ipime sukari na presha, kwani PCOS huongeza hatari ya kisukari.

Binti yako je? Kama haijapita miaka 8 tangu avunje ungo, altrasaundi isitumike kumpa jina la PCOS. Ovari za wasichana huwa na vijifuko vingi kwa kawaida.

Na picha haimtangazi mtu kuwa mgumba, hata mkwe aseme nini. Wengi hushika mimba, baadhi kwa vidonge vya kukomaza yai kama letrozoli. Mume naye apimwe mbegu. Ukikaa zaidi ya miezi 3 bila hedhi na huna mimba, nenda kituoni, maana ukuta wa mfuko wa uzazi huzidi kunenepa.

Ninyi mnaochenjua dhahabu kwa zebaki, Dopla haiionyeshi zebaki mwilini. Unayetafuta mtoto, mwambie mhudumu kazi yako: zebaki huumiza ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Dopla ina kazi kubwa mahali pengine. Maumivu makali ya ghafla chini ya tumbo, upande mmoja, pamoja na kutapika, yanaweza kuwa ovari iliyojisokota na kukatiwa damu, au mimba iliyotunga nje ya mfuko. Hapo usisubiri kupambazuke. Tafuta usafiri uende hospitali usiku huohuo, na hata Dopla ikionyesha damu inapita, maumivu yakiendelea mwambie daktari asikuruhusu kuondoka.