Mchungaji Aliyekataa Kukimbia

Katika sharika zetu neno "kujitoa" limezoeleka mno. Tunalitamka kwenye ibada za kipaimara, kwenye semina za uamsho, na zaidi ya yote kwenye harambee, ambako siku hizi kujitoa kumekuwa karibu sawa na kutoa. Napenda tulitazame kwa njia ya maisha ya mtu mmoja wa kanisa ndugu, Mchungaji Gudina Tumsa wa Ethiopia, ambaye habari zake zinatugusa Watanzania kuliko wengi wetu tunavyojua.

Gudina alizaliwa mwaka 1929 huko Wollega, magharibi mwa Ethiopia, katika jamii ya Waoromo. Kabla ya uchungaji alifanya kazi katika hospitali ya Nekemte, akifunga vidonda na kusaidia kwenye chumba cha upasuaji. Alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1958, akaenda Marekani kusoma theolojia, na mwaka 1966 akawa Katibu Mkuu wa Kanisa la Mekane Yesus, ambalo ni la Kilutheri kama letu. Mwaka 1972 kanisa lake liliandika barua kwa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, likiwaambia wafadhili kwa adabu lakini bila kuficha kwamba hospitali na shule ni njema, ila mtu hakatwi vipande viwili, mwili upewe fedha na roho isubiri. Barua ile bado inasomwa katika vyuo vya theolojia.

Mwaka 1974 Mfalme Haile Selassie aliondolewa na wanajeshi, na kamati yao iliyoitwa Derg ikashika nchi. Tusiisimulie habari hii kana kwamba kanisa lilikuwa adui wa mapinduzi tangu siku ya kwanza. Sheria ya ardhi ya mwaka 1975 ilipokelewa kwa shangwe na Wakristo wengi, hasa kusini, ambako mkulima alikuwa mpangaji tu katika ardhi ya babu zake. Mambo yaligeuka baadaye. Mwaka 1977 serikali ilitwaa Redio Sauti ya Injili iliyokuwa Addis Ababa. Wazee wetu wanaikumbuka, kwa maana vipindi vya Kiswahili vilivyorekodiwa Moshi vilirushwa kutoka kule. Makanisa yakaanza kufungwa, wainjilisti wakatiwa gerezani.

Gudina mwenyewe alikamatwa Oktoba 1978, akaachiwa, akakamatwa tena katikati ya mwaka 1979, akaachiwa tena. Hapo ndipo Tanzania inapoingia. Marafiki wa nje walitafuta njia ya kumtoa nchini, na waliomfahamu wameandika kwamba Mwalimu Nyerere alikuwa tayari kusaidia. Njia ilikuwepo. Gudina akakataa. Alisema amewasihi wachungaji wake mara nyingi wabaki na washarika wao. Sasa atakimbiaje yeye? Akataja maneno ya Paulo katika 2 Wakorintho 5:15, kwamba Kristo alikufa kwa ajili ya wote ili walio hai wasiishi tena kwa ajili ya nafsi zao.

Naomba tusiharakishe hapa. Ni rahisi kusema kwamba aliyebaki alijitoa, na aliyekimbia alikosa imani. Biblia hairuhusu hukumu hiyo. Yusufu alimchukua mtoto Yesu usiku akaenda naye Misri. Paulo huyo huyo aliteremshwa ukutani Dameski ndani ya kapu. Na Luther, baada ya kusimama mbele ya Kaisari huko Worms mwaka 1521, alikubali kufichwa katika ngome ya Wartburg karibu mwaka mzima. Lakini usharika wake wa Wittenberg ulipovurugika, alirudi Machi 1522, ingawa mtawala aliyemlinda hakutaka. Tauni ilipoingia mji huo mwaka 1527, alibaki, na katika kuwajibu wachungaji waliouliza kama Mkristo anaweza kukimbia kifo, alisema anaweza, ikiwa wapo wengine wa kuwahudumia wanaoachwa. Mchungaji hana ruhusa hiyo wakati watu wake wanakufa.

Basi swali halikuwa Gudina ana ujasiri kiasi gani. Swali lilikuwa nani anabaki na kondoo. Nakiri kwamba nilipopokea barua ya uhamisho kwenda usharika wa mbali, miaka kadhaa iliyopita, swali hilo halikunijia hata kidogo. Niliuliza kuhusu barabara, na shule ya watoto.

Wako wanaosema aliuawa kwa sababu ya siasa, kwa kuwa mdogo wake, Baro Tumsa, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha ukombozi wa Waoromo. Undugu huo bila shaka ulimzidishia mashaka machoni pa watawala. Lakini mtu anayetafuta madaraka hakatai mlango wa kutokea. Na katika andiko lake la mwisho, la Julai 1979, habari anazozungumza ni wajibu wa Mkristo katika jamii yake na gharama ya kumfuata Yesu.

Jioni ya tarehe 28 Julai 1979 aliongoza ibada katika usharika wa Urael, Addis Ababa. Alipotoka na mkewe, Tsehay Tolessa, watu wenye silaha waliwasimamisha, wakawatenganisha katika magari mawili. Tsehay aliachwa nje ya mji. Gudina hakuonekana tena.

Tunapohubiri habari hii, mara nyingi tunaishia hapo, nami naona tunamkosea mama huyu. Uamuzi wa mume ulimwangukia yeye pia. Mwaka 1980 alikamatwa, akateswa vibaya, akakaa gerezani karibu miaka kumi, bila kujua mumewe yuko wapi. Alitoka mwaka 1989. Derg ilianguka mwaka 1991, na mwaka uliofuata mabaki ya Gudina yalipatikana Addis Ababa: alikuwa ameuawa usiku ule ule aliotekwa. Mwezi Juni 1992 kanisa likamzika, miaka kumi na tatu baada ya ibada ile ya Urael.