Leseni za Kuelea na Watumiaji Wasiokuwepo

Leseni ya kuelea ni haki ya kutumia programu isiyofungwa kwa mtu wala kwa kompyuta moja. Kampuni hununua, tuseme, leseni 10 na kuziweka katika seva. Msanidi akifungua programu hupewa leseni moja, akiifunga leseni hiyo hurudi kwa wenzake. Mpango huu ulienea kupitia mfumo wa FLEXlm, uliozuka Marekani mwaka 1988, na msingi wake ni wa haki: watu 20 hawahitaji leseni 20 ikiwa hawazitumii kwa wakati mmoja.

Kasoro imo katika neno "akiifunga". Seva haioni kazi, inaona muunganisho. Maadamu programu iko wazi, mtu aliyelala na mtu anayeandika msimbo ni sawa machoni pake.

Katika ofisi za kando ya Ngong Road jijini Nairobi, kutoka Jamhuri hadi Kilimani, eneo ambako kituo cha teknolojia cha iHub kilifunguliwa mwaka 2010, wengi hudamka ili kukwepa msongamano wa magari. Anayefika saa moja asubuhi hufungua zana kabla ya kunywa chai, kisha huingia mkutanoni au huenda kumwona mteja Westlands, na dirisha la programu hubaki wazi chini ya kivinjari hadi jioni. Saa nne asubuhi mwenzake huambiwa leseni zimekwisha. Akikataliwa mara mbili, naye kesho atafungua mapema na hatafunga. Uhaba huzaa kuhodhi, na kuhodhi huzidisha uhaba. Kumwita mtu huyo mchoyo ni kumwonea, kwani anajilinda dhidi ya kanuni mbovu.

Stima nayo huchangia. Ikipotea, kipakatalishi huendelea kwa betri lakini ruta huzimika, na seva iliyoko kwingine haipati habari ya kuagana. Kwa mpangilio wa kawaida wa Linux, muunganisho ulionyamaza hungojewa sekunde 7,200, yaani saa mbili, kabla seva haijauliza kama upande wa pili ungalipo, na leseni hubaki imeshikwa.

Hasara ya leseni zinazoshikwa bure hupimika kwa kanuni ambayo Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark, aliichapisha mwaka 1917 kwa ajili ya laini za simu. Ikiwa kwa wastani leseni 6 zinahitajika kwa wakati mmoja na zipo 10, maombi yapatayo 4 katika kila 100 hukataliwa. Watumiaji wakizishikilia kwa muda uliozidi kwa nusu tu, mzigo hufika 9 na maombi karibu 17 hukataliwa. Ili kurudi pale pa awali, kampuni itahitaji leseni 14. Nne za ziada zinanunuliwa kwa ajili ya madirisha yasiyotazamwa na mtu.

Nchini Kenya bei ya leseni hizo za ziada si ndogo. Sheria ya Fedha ya 2023 iliingiza malipo ya programu katika maana ya mrabaha, ambao hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 20 ukilipwa kwa asiye mkazi. Mnunuzi akiibeba kodi hiyo mwenyewe, hutoa 125 ili muuzaji apokee 100.

Dawa iliyo karibu ni ukomo wa muda: seva huichukua leseni baada ya, kwa mfano, nusu saa ya ukimya. Hufaa tu pale programu yenyewe ilipoundwa kutambua kwamba haitumiki, na ukiwekwa mfupi mno humvuruga anayesoma msimbo bila kugusa kibodi. Njia nyingine ni kuachana na leseni za kuelea, kama kampuni ya programu ya Autodesk ilivyofanya kuanzia Agosti 2020 ilipobadilisha kila leseni moja ya mtandao kwa mbili za watu waliotajwa kwa jina. Hapo foleni huisha, lakini kugawana pia huisha.

Kabla ya kununua, kumbukumbu za seva zichunguzwe. Huonyesha nani alichukua saa ngapi, alirudisha lini na nani alikataliwa. Zikilinganishwa na ratiba ya mikutano na ya likizo, majina yaliyoshika leseni siku nzima bila mtu kuwa mezani hujitokeza yenyewe.