Woga wa Kuimba Una Historia: Kutoka Jiwe la Kusagia la Iramba hadi Karaoke

Mwanamke anaponyooshewa kipaza sauti kwenye sherehe akajibu kwamba hana sauti, waliomzunguka huipokea kauli hiyo kana kwamba ametaja kimo chake au rangi ya macho yake. Lakini tukirudi nyuma kidogo katika nchi inayouzunguka mlima Sekenke, wilayani Iramba, pale barabara ya kutoka Singida inapoteremka kuelekea Shelui na mbuga za Wembere, tunakuta wanawake walioimba kama sehemu ya kazi na maisha yao, wala hapakuwa na mtu wa kuwapima sauti kabla hawajafungua kinywa. Mabibi hao na wajukuu zao wana koo zilezile. Kilichobadilika ni namna mzigo wa wimbo unavyogawanywa. Woga wa kuimba ulikua pale wimbo ulipotoka mikononi mwa kundi ukawekwa begani kwa mtu mmoja. Kwa hiyo, anayetaka kumchagulia mwanamke mwoga wimbo mwepesi wa karaoke hana haja ya kubahatisha, kwa maana historia ya wimbo katika nchi hii imekwisha kuonyesha vipimo.

Tuanze na kazi. Wanyiramba na majirani zao Wanyaturu ni wakulima wa mtama na uwele, na kabla ya mashine za dizeli nafaka hiyo ilisagwa na wanawake kwa jiwe, kazi ndefu yenye mwendo wa kurudiarudia. Wimbo wa kusagia ulipaswa kulingana na kazi hiyo: vipande vifupi vinavyotosha pumzi ya mtu aliyeinama, sauti zisizopanda mbali wala kushuka mbali, na maneno yanayorudi mpaka yamekaa mdomoni. Safarini mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mwanzoni mwa 1875 msafara wa Henry Morton Stanley ulikatiza Ituru na Iramba ukielekea Ziwa Viktoria, na katika kitabu chake alieleza jinsi, walipokaribia ziwa, mtu mmoja alivyotunga wimbo papo hapo na msafara ukampokea kwa kiitikio kilichotikisa vilima. Huo ndio muundo uliotawala wimbo wa bara: manju mmoja anayebeba maneno mapya, na wengi wanaobeba maneno yasiyobadilika. Mwoga alikuwa na nafasi yake tangu siku ya kwanza, maana aliyeitikia alikuwa anaimba kweli, na alipokosea, wenzake walilifunika kosa lake bila kusimama.

Muundo huo haukuwafungia wanawake kwenye kuitikia tu. Kwa Wagogo, upande wa Dodoma, ngoma ya muheme hupigwa na wanawake wenyewe, wao ndio wanaoshika mdundo na kuuongoza wimbo. Kwa Wanyaturu kulikuwa na imaa, mila ya wanawake ambayo wanaume hawakuruhusiwa kuikaribia. Mila hizi zinatufundisha jambo la pili baada ya muundo wa wimbo: hadhira. Msichana alisikia sauti yake ikipaa kwanza mbele ya wanawake wenzake, katika duara ambalo kila aliyekuwemo alikuwa anaimba. Watazamaji wasio waimbaji walikuja baadaye, kama walikuja kabisa. Mpangilio huu ulimlinda mwanafunzi na dhihaka katika kipindi ambacho dhihaka ingeweza kumnyamazisha moja kwa moja.

Kisha mambo matatu yaliigusa nchi hii. La kwanza ni dhahabu. Mgodi wa Sekenke ulifunguliwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na dhahabu yake ndiyo iliyotumika mwaka 1916 kutengenezea sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli mjini Tabora. Mgodi ulileta ujira na kazi iendayo kwa mwendo wa mashine, na kazi ya namna hiyo haihitaji wimbo ili isonge mbele. Baadaye mashine ya kusaga ililifanyia jiwe la mwanamke jambo hilohilo: ilimpunguzia mateso makubwa, na papo hapo ikaiondoa saa yake ya kuimba. La pili ni kanisa. Wamisionari wa Kilutheri, kwanza wa Leipzig na baadaye wa Augustana kutoka Marekani, walileta tenzi za kitabuni na kwaya ya sauti nne. Kwaya iliwapa wanawake wengi jukwaa la heshima, na sauti ya pili ikawa kimbilio la asiyetaka kusikika peke yake; lakini pia ilizoesha watu wazo kwamba kuna waimbaji wanaosimama mbele na wasikilizaji wanaokaa kwenye mabenchi. La tatu ni redio na bendi za dansi, ambazo jukwaa lao lilishikwa zaidi na wanaume, na sahani za santuri zilizoweka kipimo kimoja cha sauti nzuri kwa taifa zima. Hapo ndipo mwanamke wa kawaida alipoanza kujilinganisha na mtu aliyerekodiwa studio.

Karaoke ilizaliwa kwa kulijibu tatizo hilohilo mahali pengine. Mwaka 1971, katika mji wa Kobe nchini Japani, mwanamuziki Daisuke Inoue alitengeneza mashine yake ya kwanza baada ya kuzoea kuwapigia muziki wateja wasiojua kuimba. Mmoja wao alimtaka amsindikize safarini. Inoue, kwa kuwa hakuweza kwenda, alimrekodia muziki mtupu uliopangwa kufuata uwezo wa sauti ya mteja huyo. Yaani mwanzo wa karaoke ni wimbo uliopunguzwa ili umtoshe mwimbaji. Mashine nyingi za leo bado zina kitufe cha kushusha au kupandisha ufunguo wa muziki, na inasikitisha kwamba wanawake wengi huachwa wapambane na wimbo wa mwimbaji wa kiume, au wa mwimbaji mwenye sauti nyembamba ya juu, bila mtu kukigusa kitufe hicho.

Tukiunganisha Kobe na jiwe la kusagia, vipimo vinajitokeza vyenyewe. Wimbo mwepesi una kiitikio kinachojulikana na watu wote ukumbini, ili mwimbaji apokelewe. Una beti fupi, na hauruki kutoka sauti ya chini hadi ya juu kwa ghafla. Maneno yake yanaenda kwa mwendo wa mazungumzo. Kwa vipimo hivyo, Jambo Bwana wa Them Mushrooms, uliotoka mwaka 1982, unamfaa anayeanza, kwa sababu karibu wote ni salamu na majibu. Maria Salome wa Saida Karoli unafaa pia, kwa kuwa kiitikio chake hurudi mara nyingi na ukumbi hukidaka haraka. Malaika, ambao watu hukimbilia kuutaja kwa sababu kila mtu anaupenda, ni mgumu kuliko unavyodhaniwa: sauti zake ndefu zinadai pumzi tulivu, na pumzi ndicho kitu cha kwanza kumtoroka mwoga. Taarabu yenye beti ndefu ingoje kidogo.

Wapo watakaosema kwamba kumpa mwanamke wimbo mwepesi ni kumdharau na kumzoesha kubaki nyuma. Pingamizi hili lingekuwa na uzito kama kiitikio kingekuwa mwisho wa safari. Katika muundo wa zamani kiitikio kilikuwa chuo: manju alitoka miongoni mwa waitikiaji, akiwa ameshika mdundo na maneno kwa miaka kabla ya kuanzisha wimbo wake. Anayemrusha mwoga moja kwa moja kwenye wimbo mgumu ndiye anayemrudisha nyuma, kwa maana aibu ya usiku mmoja huweza kumfunga mdomo kwa muda mrefu.

Pingamizi zito zaidi linasema kwamba woga hautoki kwenye wimbo, unatoka kwenye macho ya watu, hasa pale karaoke inapofanyika baa, na mwanamke anayeimba huko hupewa jina baya. Ni kweli, na historia inakiri hivyo. Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, alipanda kutoka familia duni na kukabiliana na kejeli kuhusu nasaba na sura yake. Hata hivyo pingamizi hili linaongeza hoja yetu badala ya kuiangusha. Mila za kina mama hazikuchagua wimbo peke yake. Zilichagua pia ni nani atakayekuwepo. Anayemchagulia mwenzake wimbo ana wajibu wa kuchagua na mahali, kuanzia sebuleni, kwenye kikoba au kwenye sherehe ya wanawake, na kuwaomba wawili watatu waitikie naye.

Wala hatuhitaji kutamani jiwe la kusagia lirudi. Lilikuwa kazi ngumu, na hakuna mwanamke wa Iramba anayepaswa kuinama juu yake ili apate ruhusa ya kuimba. Tunachoweza kuchukua kutoka kwenye jiwe hilo ni kanuni: sauti hukomazwa na kupokelewa. Mwenye ukumbi, mshereheshaji na rafiki wa karibu wakiifuata kanuni hiyo, kauli ya kwamba mtu hana sauti itasikika mara chache zaidi, na wanawake watakaoanza kwa kuitikia watafikia kuongoza.